Mwongozo kamili wa kufunga na kuhudumia pampu ya mzunguko kwenye boila ya kuni ya nyumbani katika Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Njombe, Makete, Mufindi na miinuko ya Uporoto huwalazimisha watu wengi kuota moto wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, jambo ambalo ni hatari kwa maisha kwa sababu ya gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu. Ndiyo maana nyumba za wageni, hosteli, vituo vya afya na baadhi ya nyumba za watu binafsi zimeanza kufikiria boila ndogo ya kuni inayokaa nje au katika chumba chake, ikapasha maji, na maji hayo yakapelekwa kwa mabomba hadi kwenye redieta za vyumbani. Kuni hazina shida huku kwetu: mabanzi ya msindano yapo Mafinga na Sao Hill, miwati ipo Njombe, na mikaratusi ipo karibu kila kijiji. Kinachosumbua ni mzunguko wa maji, na hasa ile pampu ndogo inayouendesha.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi bomba anayekutana na kazi hii kwa mara ya kwanza, na kwa mwenye nyumba anayetaka kujua anacholipia. Msimamo wake ni mmoja, na kila hatua inayofuata inautegemea: boila ya kuni lazima ibaki salama hata pampu ikiwa imezimika. Boila ya gesi au ya mafuta huzimwa kwa swichi na moto ukakoma papo hapo. Moto wa kuni hauzimwi hivyo, kwa kuwa ukishajaza magogo, joto litaendelea kutoka kwa saa moja au zaidi hata umeme ukikatika. Fundi anayefunga pampu nzuri kwenye mfumo usioweza kupoza boila bila umeme amefunga kitu cha hatari, hata kama kazi yake inapendeza kwa macho.

Mambo ya kuelewa kabla ya kununua chochote

Pampu ya mzunguko haifanani kazi na pampu ya kuvuta maji kisimani. Haipandishi maji kutoka chini kwenda juu, kwa sababu mfumo wa redieta umejaa maji tayari na uzito wa maji yanayopanda husawazishwa na uzito wa yanayoshuka. Kazi yake ni kushinda msuguano wa maji ndani ya mabomba, na kwa hiyo mota yake ni ndogo sana, mara nyingi kati ya wati 5 na 100. Katika pampu nyingi za nyumbani, rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, hukaa ndani ya maji yaleyale ya mfumo. Maji hayo ndiyo yanayolainisha beringi na kupoza mota. Kutokana na jambo hilo moja zinazaliwa sheria karibu zote za ufungaji: isiwashwe kavu, shafti ilale mlalo, hewa isikae ndani yake, na tope lisiingie.

Namba zilizoandikwa kwenye pampu zinasomeka kirahisi. Pampu iliyoandikwa 25-40 au 25/4 ina njia ya milimita 25 na inaweza kutoa kimo cha juu cha kusukuma cha mita 4, yaani msukumo unaolingana na uzito wa maji ya kimo hicho. Iliyoandikwa 25-60 au 25/6 hufika mita 6. Namba nyingine, ambayo kwa kawaida ni 130 au 180, ni urefu wa ganda la pampu kwa milimita kutoka mdomo hadi mdomo, na ndiyo itakayokuhusu sana siku utakapobadilisha pampu ya zamani. Pampu ya njia ya milimita 25 hufungwa kwa yunioni zenye nati ya inchi moja na nusu, ambazo wakati mwingine huuzwa pembeni, basi hakikisha umezipata pamoja na washa zake kabla hujaondoka dukani.

Kuchagua ukubwa hakuhitaji kubahatisha. Jumlisha nguvu ya redieta zote kwa kilowati, zidisha kwa 860, kisha gawanya kwa tofauti ya nyuzi joto unayotaka kati ya maji yanayokwenda na yanayorudi. Jibu ni lita kwa saa. Nyumba yenye redieta tano za kilowati 1.5 kila moja ina jumla ya kilowati 7.5, na ukichagua tofauti ya nyuzi 15 utapata lita 430 kwa saa. Kwa upande wa msuguano, pima urefu wa mzunguko mrefu kuliko yote, kwenda na kurudi. Ukiwa na mita 40 za bomba lililochaguliwa vizuri, msuguano wa sentimita 1.5 za kimo kwa kila mita utakupa sentimita 60, na ukiongeza nusu yake kwa ajili ya elbo, tii na koki utafika sentimita 90. Pampu ya mita 4 inatosha kabisa, tena kwa kasi ya chini. Mara nyingi wateja hudhani kwamba pampu kubwa ni bora zaidi, lakini pampu iliyozidi kiasi huleta mlio kwenye redieta, hula umeme wa LUKU bila faida, na inaweza kusukuma maji yakamwagika kupitia bomba la kupumulia, yaani lile bomba la juu lililoachwa wazi.

Chunguza pia pampu imetengenezwa kwa chuma gani. Ganda la chuma cha kutupwa linafaa kwa maji ya redieta yanayozunguka yaleyale mwaka mzima, kwa kuwa oksijeni iliyomo huisha mapema na kutu hukoma. Maji ya kuoga yanayoingia mapya kila siku yataliozesha ganda hilo na kuwaletea watu maji mekundu bafuni, kwa hiyo mzunguko wa maji ya kuoga unadai pampu ya shaba nyeusi au chuma kisichoshika kutu.

Mwinuko wa kwetu na kuchemka kwa maji

Vitabu vinavyokuja na pampu huandikwa kwa kufikiria nchi za tambarare, na hapa ndipo fundi wa Mbeya anapopaswa kuongeza hesabu yake mwenyewe. Mjini Mbeya, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwenye mita 2,000 huchemka karibu na nyuzi 93, na kwenye mita 2,600 za uwanda wa Kitulo huchemka karibu na nyuzi 91. Ndani ya pampu, mahali ambapo impela, yaani gurudumu lenye mapanga, inayavuta maji, shinikizo hushuka kidogo. Maji yaliyokaribia kuchemka hugeuka mapovu ya mvuke papo hapo, mapovu hayo hupasuka yakigonga chuma, na pampu hutoa mlio kama wa kokoto zinazozungushwa ndani ya sufuria. Pampu inayolia hivyo kila siku huliwa impela na beringi zake kabla ya wakati.

Kinga yake ni kuhakikisha kuna uzito wa kutosha wa maji juu ya mdomo wa kuingilia pampu. Pampu nyingi ndogo huomba walau nusu mita ya maji zikifanya kazi kwenye nyuzi 75, na karibu mita 3 zikifanya kazi kwenye nyuzi 90. Vipimo hivyo ni vya maeneo yasiyozidi mita 300 juu ya bahari. Kwa kila mita 100 zaidi, ongeza sentimita 10. Mbeya basi inadai nyongeza ya mita 1.4, yaani takriban mita 2 za maji juu ya pampu kwenye nyuzi 75, na zaidi ya mita 4 kwenye nyuzi 90. Kitulo inadai karibu mita 3 kwenye nyuzi 75. Nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa haina nafasi ya mita 4 au 5 chini ya dari, na kwa hiyo ushauri wangu kwa maeneo haya ni wa wazi: endesha boila isizidi nyuzi 75, weka pampu chini karibu na usawa wa boila, na uinue tangi la kujazia, lile dogo linaloujaza mfumo maji, hadi chini ya paa. Redieta zikionekana ndogo kwa joto hilo, ongeza redieta badala ya kuongeza moto.

Mpangilio wa mabomba

Kwa boila ya kuni ninapendekeza mfumo wa wazi, wenye tangi dogo la kujazia lililo juu na bomba la kupumulia lililo wazi, badala ya mfumo uliofungwa wenye tangi la shinikizo. Mfumo uliofungwa unaweza kufanywa kwa usalama, lakini unahitaji valvu ya usalama ya shinikizo, valvu ya kupoza inayojifungua kwa joto, na maji ya bomba yasiyokatika. Sharti hilo la mwisho mitaa mingi ya miji yetu haliwezi kulitimiza.

Gawa mfumo katika mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza unakwenda wenyewe bila pampu: bomba la inchi moja na robo, au la inchi moja kwa boila ndogo, linapanda kutoka juu ya boila hadi kwenye silinda ya maji ya kuoga iliyo juu zaidi, na linarudi chini ya boila. Maji ya moto ni mepesi, hupanda. Yakipoa huwa mazito, hushuka. Mzunguko huu usiwekewe koki yoyote, wala chujio, wala kitu chochote kinachoweza kufungwa na mtu asiyejua. Ongeza juu yake redieta moja isiyo na koki, bafuni au kwenye ukumbi, ili silinda ikishapata moto kuwe bado na mahali pa joto kwenda. Mzunguko wa pili ni wa redieta za vyumbani, na huu ndio unaopata pampu. Boila nyingi za kuni zina matundu manne, mawili juu na mawili chini. Tumia jozi moja kwa kila mzunguko, ili pampu isije ikayavuta maji ya mzunguko wa kwanza kinyumenyume.

Bomba la kupumulia litoke juu ya boila au kwenye bomba linalopanda kuelekea silinda, lipande bila kushuka popote, na lisipungue milimita 22, kisha ligeuke na kuelekeza mdomo wake juu ya tangi la kujazia. Bomba la kujazia litoke kwenye tangi hilo na kuingia kwenye njia ya kurudi, karibu kabisa na boila. Yote mawili yasiwe na koki. Tangi liwe la kitu kinachostahimili maji yanayochemka, liwe na kifuniko na bomba la kumwagia ziada, na kule kunakoganda usiku lifungwe blanketi la kuhifadhi joto.

Je, pampu iwe kwenye njia ya kwenda au ya kurudi? Mafundi wengi huipendelea njia ya kurudi kwa sababu maji yake yamepoa. Sababu hiyo ni ya kweli, ila kwenye mfumo wa wazi niliouelezea ina gharama. Mahali ambapo bomba la kujazia linaungana na mfumo, shinikizo halibadiliki, pampu iwe imewashwa au imezimwa. Pampu ikikaa kwenye njia ya kurudi, ikisukuma kuelekea mahali hapo, redieta zote zinabaki upande wa kuvutwa, shinikizo lake linashuka, hewa inaweza kunyonywa kupitia maungio, na zile mita za maji tulizozihesabu kwa ajili ya mwinuko zinapungua tena. Pampu ikikaa kwenye njia ya kwenda, mara baada ya kutoka kwenye boila, inavuta kutoka mahali penye shinikizo kamili la tangi na kuzisukumia redieta zote. Kwa nyuzi 75, na kwa nyumba zetu za tangi fupi, naichagua njia ya kwenda. 

Mita za kwanza kutoka kwenye boila, kwenda na kurudi, ziwe za chuma au shaba. Bomba za plastiki aina ya PPR zinazopatikana Mwanjelwa jijini Mbeya, Iringa mjini na kwingineko zinafaa baada ya hapo, mradi uchukue aina ya maji ya moto na ya shinikizo la PN20, na ikiwezekana yenye tabaka la alumini, kwa sababu PPR tupu hupitisha oksijeni kidogo kidogo hadi ndani ya maji na kuzalisha kutu. Bomba za PVC hazina nafasi popote kwenye mfumo huu.

Kufunga pampu, hatua kwa hatua

Usifunge pampu kwanza. Maliza mabomba yote, weka kipande cha bomba mahali pa pampu, jaza maji, kisha yaachie kwa nguvu kupitia koki ya chini hadi yatoke masafi. Mabaki ya kukata nyuzi za mabomba, utepe, mchanga na vipande vya PPR vilivyoyeyuka ndivyo vinavyoua pampu mpya katika wiki ya kwanza, na hakuna duka litakalokubali kuirudisha ikiwa impela imefungwa na uzi wa katani.

Baada ya kusafisha, funga koki ya bolu kila upande wa nafasi ya pampu, na chujio upande wa kuingilia. Koki hizi mbili zinaruhusiwa kwa sababu ziko kwenye mzunguko wa redieta, si ule wa usalama. Acha nafasi ya kutosha kwa mkono na spana, na kama ukuta unaruhusu, acha bomba lililonyooka kabla ya pampu lenye urefu wa walau mara kumi ya kipenyo chake, ili maji yaingie yakiwa yametulia.

Shika pampu na utafute mshale kwenye ganda. Mshale unafuata mwendo wa maji, kutoka boila kwenda redieta. Bomba lenyewe linaweza kusimama au kulala, ila shafti ya mota lazima iwe mlalo, na uithibitishe kwa pimamaji. Shafti ikisimama wima, hewa hukusanyika kwenye beringi ya juu na kuiunguza. Sanduku la nyaya likae juu au ubavuni, kamwe lisiangalie chini, kwa sababu tone moja la maungio linatosha kulijaza maji. Kama limekaa vibaya, fungua boliti nne za mota, ligeuze, na kaza tena boliti kwa mkato wa msalaba. Fanya hivyo kabla mfumo haujajazwa.

Weka washa kwenye kila yunioni. Hapa panahitaji nyuso safi tu: utepe na katani ni vya nyuzi za mabomba, havina kazi kwenye yunioni inayozibwa na washa, na ukivitumia vitazuia washa kukaa sawa. Kaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha umalizie kwa spana kidogo huku umelishika ganda ili usilipinde. Hakikisha uzito wa pampu haubebwi na bomba la plastiki. Weka klempu ukutani pande zote mbili. Unaweza kufunika mabomba na ganda kwa kihifadhi joto, lakini mota iachwe wazi ipumue.

Umeme wa pampu uunganishwe na fundi umeme mwenye leseni, lakini ni vizuri ujue cha kumwomba. Pampu inahitaji volti 230, fyuzi ndogo ya ampea 3 kwenye plagi au kwenye swichi yake, waya wa ethi uliofungwa barabara, na breka inayokata umeme unapovuja ya miliampea 30. Waya unaokaribia boila uwe wa kustahimili joto. Kwenye bomba la kwenda, karibu na boila, funga themostati ya kubana bombani na uipange iwashe pampu maji yanapofika nyuzi 60 hivi. Ukiwasha mapema, maji baridi ya vyumbani yatarudi ndani ya boila iliyo bado baridi, moshi utaganda kwenye kuta zake na kuacha lami nyeusi inayokula chuma na kuziba bomba la moshi. Kwa sababu hiyohiyo, maji yanayorudi yasiwe chini ya nyuzi 55 kwa muda mrefu, na kuni ziwe kavu. Mabanzi mabichi yaliyotoka kiwandani jana yatachafua boila yoyote.

Kuhusu kukatika kwa umeme, mzunguko wa kwanza utakuwa umeshaulinda usalama. Ukitaka vyumba viendelee kupata joto, betri na inveta vinafanya kazi nzuri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, na ukitoa upotevu wa inveta, itaendesha pampu ya wati 45 kwa takriban saa 11. Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei ndogo zenye wimbi la ngazi huifanya mota ivume na kupata moto. Pampu za kisasa zenye sumaku na elektroniki hula umeme kidogo zaidi, lakini zinahitaji kinga ya radi na ya umeme unaopanda na kushuka, jambo lisilopuuzwa katika mvua za Rungwe.

Kujaza na kuwasha kwa mara ya kwanza

Jaza mfumo polepole kupitia tangi la juu, na utoe hewa kwenye redieta moja baada ya nyingine ukianzia za chini. Pampu ikiwa imezimwa, legeza skrubu kubwa ya katikati ya mota, ukiwa na kitambaa mkononi, hadi maji yatoke bila mapovu, kisha kaza. Baadhi ya pampu za elektroniki hazina skrubu hii na hujitoa hewa zenyewe kwa programu maalumu, kwa hiyo soma kitabu chake. Washa pampu kwa kasi ya juu kwa dakika chache bila moto, zima, toa hewa tena, rudia mpaka mlio wa maji yanayochuruzika utoweke.

Ndipo uwashe moto mdogo. Panda juu uangalie mdomo wa bomba la kupumulia: pampu ikiwa kwenye kasi yoyote, maji yasitoke hapo, wala mdomo huo usivute hewa. Ukiona maji yanamwagika tangini kila pampu inapowaka, usikate bomba wala kuliziba; punguza kasi, na kama haitoshi, kagua upya mahali bomba la kujazia na la kupumulia yalipoungana. Maji yanayozunguka kupitia tangini hubeba hewa mpya kila dakika na yataozesha redieta zote ndani ya muda mfupi.

Joto likifika nyuzi 70, pima bomba la kwenda na la kurudi. Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 10 na 20, kasi iliyopo inafaa. Ikiwa chini ya 10, punguza kasi; ikiwa juu ya 20, iongeze. Redieta iliyo mbali ikibaki baridi, bana kidogo koki za redieta zilizo karibu na boila kabla hujagusa kasi ya pampu, maana maji hufuata njia fupi. Mwisho kabisa, na jaribio hili lisiachwe hata mwenye nyumba akiwa na haraka: ukiwa na moto wa kawaida, chomoa plagi ya pampu na ukae hapo nusu saa ukitazama geji ya joto. Joto litapanda, kisha lazima litulie bila maji kuchemka, huku silinda na redieta isiyo na koki zikipata moto. Likiendelea kupanda, kazi haijaisha, na boila isikabidhiwe.

Huduma ya kila mwaka

Wakati mzuri wa huduma ni Aprili au Mei, kabla baridi haijaingia. Katika miezi ya joto ambayo boila haitumiki, pampu iwashwe dakika tano kila wiki mbili, kwa sababu shafti inayokaa kimya miezi mingi hushikwa na kutu na chokaa.

Kabla ya kugusa chochote, moto uwe umezimika, maji yawe chini ya nyuzi 40, plagi ichomolewe na ukae nayo mfukoni. Maji ya nyuzi 70 huunguza ngozi kwa sekunde moja. Funga koki mbili za pampu, weka ndoo chini, legeza yunioni kidogo uone kama koki zinafunga kweli. Safisha chujio. Fungua boliti nne za mota na uivute taratibu; utaona impela. Ioshe kwa maji na brashi laini, usitumie brashi ya waya kwenye rota wala kwenye kopo lake jembamba. Zungusha shafti kwa vidole: izunguke kwa wepesi, bila kuyumba pembeni. Badilisha gasketi kila unapofungua, hata kama ya zamani inaonekana nzima.

Rangi ya maji yaliyotoka ina mengi ya kusema. Maji meusi yenye unga laini unaonaswa na sumaku ni kutu nyeusi ya chuma, magnetaiti, inayojikusanya polepole kwenye kila mfumo. Ukiona nyingi, safisha mfumo mzima na uweke dawa ya kuzuia kutu iliyotengenezwa kwa ajili ya redieta. Wenye pampu ya sumaku waongeze chujio la sumaku, kwa sababu rota yao huuvuta unga huo. Maji mekundu ni habari mbaya zaidi, kwani yanaonyesha kwamba oksijeni mpya inaingia: ama kuna uvujaji unaofanya tangi lijaze kila siku, ama maji yanazunguka kupitia tangi, ama kuna ungio linalonyonya hewa. Tafuta chanzo kabla ya kumwaga dawa.

Kutambua hitilafu

Pampu isiyozunguka huku mota ikivuma na kuwa ya moto mara nyingi imekwama tu. Zima umeme, fungua skrubu ya katikati, ingiza bisibisi bapa kwenye mfereji ulio mwisho wa shafti na uizungushe pande zote mbili mpaka ilegee. Ikilegea lakini isiondoke yenyewe, shuku kapasita: ni ya bei ndogo, ibadilishwe kwa yenye thamani ileile ya mikrofaradi iliyoandikwa juu yake na volti zisizopungua za ile ya kwanza. Pima pia volti za nyumbani, kwa kuwa mwisho wa laini ndefu vijijini umeme unaweza kushuka kiasi cha mota kushindwa kuanza, na hapo kubadilisha pampu hakutasaidia.

Pampu iliyo kimya na baridi kabisa ichunguzwe kutoka nje kwenda ndani: fyuzi, themostati, nyaya kwenye sanduku, kisha koili ya mota. Multimita ikionyesha njia imekatika kati ya ncha za koili, au ikionyesha njia kati ya koili na mwili wa pampu, mota imekufa. Breka ikikata kila pampu inapowashwa, kuna maji kwenye sanduku la nyaya au koili imevuja. Usiipite breka hiyo hata kwa siku moja.

Mlio wa kuchuruzika ni hewa. Mlio wa kokoto unaokuja maji yakiwa ya moto sana tu, na kutoweka yakipoa, ni ule wa mapovu ya mvuke uliokwisha kuelezwa: punguza joto au inua tangi. Mlio wa kusaga usiobadilika, moto na baridi, ni beringi zilizokwisha, na pampu ndogo za aina hii kwa kawaida hazibadilishwi beringi. Hununuliwa kichwa kipya, yaani mota pamoja na impela yake, au pampu nzima.

Ukifika hapo, andika vitu vitano kabla ya kwenda dukani: urefu wa ganda kwa milimita, ukubwa wa nati za yunioni, kimo cha juu cha kusukuma, upande wa mshale, na kazi yake kama ni ya redieta au ya maji ya kuoga. Pampu ya milimita 130 haitaziba nafasi ya milimita 180 bila vipande vya kuongezea. Kama ganda la zamani ni zima na kichwa kipya cha modeli hiyohiyo kinapatikana, badilisha kichwa peke yake, kwa kuwa yunioni zilizokaa miaka mingi zikiguswa huanza kuvuja, na bomba la PPR lililopinda kwa joto halikubali kurudi mahali pake kwa urahisi.